Uzi upi kwa mshono upi? Mazungumzo na mafundi wa nguo wa Langas

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na mafundi wa nguo, vikundi vya kina mama na wanafunzi wa ushonaji wa Langas, Eldoret. Tumeyachapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa Uasin Gishu.

Asanteni kwa kuacha vyerehani kwa muda huu. Najua kila dakika mliyo hapa kuna mteja anayeuliza nguo yake iko wapi, kwa hivyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililotuleta.

Kazi yangu ni habari. Walio mafundi ni ninyi. Nililoweza kufanya ni kuuliza, kusoma, kupiga hesabu, na kuyaweka pamoja mambo ambayo kila fundi anajua nusu yake. Nikikosea mahali, fundi ainue mkono anirekebishe.

Mada yetu ni uzi, na hasa uzani wake: upi ni mwembamba, upi ni mnene, na upi unafaa kuunganishia viraka vya mfarishi, yaani lile blanketi la viraka lenye tabaka tatu. Juu kuna viraka vilivyounganishwa, katikati kuna kitu cha kutia joto, chini kuna kitambaa kizima. Tabaka zote tatu hushikwa pamoja kwa mishono inayopita juu mpaka chini.

Kwa nini mfarishi?

Kila Januari, shule zikifunguliwa, mafundi wa Langas hushona sare usiku na mchana. Msimu ukiisha, kibandani hubaki gunia la vipande: buluu, kijani, maruni, kijivu. Vingi huishia kuwashia jiko au kufutia mafuta ya cherehani. Na mji wetu uko mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba hakuna anayehitaji kuelezwa baridi ya Eldoret ni nini. Vipande viko, baridi iko, na wenye vyerehani ni ninyi.

Kazi hii haijaanzia hapa. Nairobi kuna mradi wa Amani ya Juu, ulioanza mwaka 1996, uliowakusanya wanawake waliokimbia vita katika nchi mbalimbali za Afrika. Mifarishi ni miongoni mwa kazi zilizoupatia jina. Nasi tunaishi katika mji wa nguo. Kiwanda cha Rivatex kilianzishwa hapa mwaka 1976, kikafungwa, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na baada ya kuwekewa mitambo mipya kikazinduliwa upya mwaka 2019. Ken-Knit nao wanatengeneza nyuzi za sweta na mablanketi papa hapa Eldoret. Mtoto wa Langas anayejifunza ushonaji hajaingia katika ulimwengu wa kigeni.

Tatizo ni hili. Mfarishi hukaa kitandani kila usiku, huvutwa na watoto, hufuliwa ukiwa mzito umejaa maji. Mshono dhaifu hautajificha. Kikundi kikiuza mifarishi mitano na miwili ikafumuka baada ya kufuliwa mara ya pili, mteja harudi, na jirani yake hatakuja kabisa. Wiki tatu za kazi zinapotea kwa sababu ya uzi ambao haukuangaliwa vizuri dukani.

Namba zilizo kwenye koni

Chukueni koni ya uzi mliyo nayo mtazame chini au ndani ya bomba lake. Mara nyingi mtaona namba kama 40/2, 20/2, 20/3 au 60/3. Wengi wetu tukienda dukani tunaitisha “uzi mdogo” au “uzi mkubwa”, basi. Ila namba hizi zinasema mengi zaidi.

Namba ya kwanza ni ya wembamba. Ilitokana na hesabu ya zamani ya viwanda vya pamba vya Uingereza: ratili moja ya pamba ikisokotwa, itatoa mafungu mangapi ya yadi 840? Uzi wa 40 hutoa mafungu 40. Uzi wa 20 hutoa mafungu 20 tu, kwa sababu ni mnene na pamba inaisha haraka. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa: namba ikiwa kubwa, uzi ni mwembamba.

Namba ya pili, iliyo baada ya mkwaju, inaeleza ni nyuzi ndogo ngapi zimesokotwa pamoja. Kwa hivyo 40/2 ni nyuzi mbili za 40. 20/2 ni nyuzi mbili za 20, na uzani wake ni mara mbili ya 40/2. 20/3 ni mara tatu ya 40/2.

Sasa swali kwa wanafunzi. 40/2 na 60/3, upi mnene zaidi? Gawanya: 40 kwa 2 ni 20, na 60 kwa 3 pia ni 20. Uzani wao ni sawa. Tofauti ni kwamba wenye nyuzi tatu huwa wa mviringo zaidi na laini zaidi ukipita kwenye sindano. Kumbukeni kugawanya, kwa maana namba ya kwanza peke yake inaweza kukupotosha.

Kuna koni nyingine zenye maandishi tofauti. Ukiona neno Tex, hiyo ni gramu za uzi wenye urefu wa mita 1,000. Hapa mambo yanageuka: namba ikiwa kubwa, uzi ni mnene. 40/2 ni kama Tex 30. 20/3 ni kama Tex 90. Ukiona tiketi, kwa mfano tiketi 120 au tiketi 75, turudi kule kwa kwanza: kubwa ni nyembamba. Tiketi 120 inakaribia Tex 25, na tiketi 75 ni kama Tex 40. Nazo nyuzi za kutoka nje zinazouzwa mahsusi kwa mifarishi huandikwa 50 wt au 40 wt, maana yake kilomita 50 au 40 za uzi huo zina uzito wa kilo moja. Hapo pia, kubwa ni nyembamba.

Na kama koni haina namba yoyote? Chukua penseli. Uzungushe uzi unaoujua mara 20, mizunguko ikikaa bega kwa bega bila kupandana. Pembeni yake uzungushe ule usiojulikana mara 20 vilevile. Utakaochukua nafasi pana ndio mnene. Watoto wa shule wanaweza kuifanya.

Uzi wa kuunganishia viraka

Kwa kazi ya kuunganisha viraka, tumia uzi mwembamba wenye nguvu. 40/2 ya poliesta, ule uzi wa kawaida wa nguo, unatosha. 60/2 au 50/2 ni mzuri zaidi ukipatikana, hasa wa pamba. 20/2 na 20/3 waachieni wanaoshona jinzi, mikoba na maturubai.

Sababu ni ya hesabu. Mshono wa viraka huachiwa robo inchi, kama milimita 6, kila upande. Uzi mnene hujaza kona ya mshono, na ukipiga pasi kitambaa hakilali bapa. Tuseme kila mshono unakula milimita moja zaidi ya ulivyopima. Mfarishi wa upana wa mita 2 ulioshonwa kwa viraka 20 vya sentimita 10 una maungio 19 katika kila mstari. Hapo umeshapoteza karibu sentimita 2. Mstari mmoja ukishonwa kwa uzi huu na mwingine kwa uzi ule, kona hazitakutana. Mtaanza kuvuta vitambaa ili vifikiane, na mfarishi utakuwa na mawimbi.

Kuna sababu ya pili. Mshono unapaswa kukatika kabla ya kitambaa. Mshono uliofumuka utarudishwa kwa dakika kumi. Kitambaa kilichochanika kando ya mshono hakishoneki tena, labda uweke kiraka juu ya kiraka. Ukishona shati laini la mtumba kwa uzi wa jinzi, umeweka kamba ya kufungia ng'ombe kwenye shingo ya kifaranga.

Mafundi hubishana kama poliesta hukata pamba. Ukweli ni kwamba nguo nyingi za pamba tunazovaa zimeshonwa kwa uzi wa poliesta na hudumu. Angalia zaidi unene wake ukilinganisha na kitambaa chako. Lakini poliesta haipendi moto mkali. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 na kitu, na pasi ya makaa haina kipimo cha joto. Anayetumia pasi ya makaa aijaribu kwanza kwenye kipande, na atandike kitambaa chenye unyevu juu ya mshono. Uzi wa nailoni unaoonekana kama plastiki usiutumie kabisa kwenye kazi itakayopigwa pasi.

Uzi wa kudarizi, ule unaong'aa kama hariri, hupendeza kwa urembo. Nyingi za nyuzi hizo ni za viskosi, ambayo hupoteza nguvu ikilowa. Weka maua juu ya mfarishi kwa uzi huo ukitaka, lakini usiungie viraka.

Urefu wa hatua ya mshono katika kuunganisha viraka uwe milimita 2 hadi 2 na nusu, yaani hatua 10 hadi 12 kwa inchi moja. Sindano iwe namba 11 au 12.

Uzi wa kushonea tabaka

Hatua ya pili ni kushika tabaka tatu pamoja. Uzi unaoonekana juu unaweza kuwa mnene kidogo. 40/2 bado inafaa. Mkitaka mistari ionekane kama urembo, tumieni wenye uzani kati ya 40/2 na 20/2, kama tiketi 75. Ongezeni urefu wa hatua mpaka milimita 3, kwa sababu tabaka la katikati hula sehemu ya kila hatua. Sindano iwe namba 14. Kama katikati mmeweka blanketi kuukuu, na wengi wetu tutaweka hilo kwa kuwa ndilo lililopo, pandeni mpaka namba 16.

Kulinganisha uzi na sindano kuna kipimo rahisi. Katika zile namba mbili za pakiti ya sindano, kama 90/14, ile 90 ina maana kwamba sindano ina unene wa milimita 0.9. Uzi unatakiwa kupita kwenye tundu la sindano bila kusuguliwa. Bila mashine ya kupimia, fanya hivi: pitisha kipande cha uzi kwenye tundu la sindano, kishike kikiwa kimekazwa kwa mteremko, sindano ikiwa juu. Sindano ikiteremka yenyewe polepole, mmeelewana. Ikikwama, uzi ni mnene kwa sindano hiyo. Ikianguka kama jiwe, uzi ni mwembamba mno.

Fundi akiona uzi unakatika katika, mara nyingi hukimbilia kuuliza cherehani ina shida gani. Kabla ya kufungua skrubu yoyote, badilisha sindano. Sindano iliyochakaa huchubua uzi mzuri kama msumeno.

Kwenye bobini, weka uzi uleule ulio juu, au mwembamba kidogo. Ukiweka mnene chini na mwembamba juu, ule wa chini utauvuta wa juu, na mishono itaonekana kama vitone nyuma ya kazi. Kupima mkazo wa kikombe cha bobini, kining'inize kwa uzi wake na utikise mkono kidogo. Kishuke kidogo kisha kisimame. Kisiposhuka, legeza. Kikiteremka hadi chini, kaza, robo ya mzunguko kwa wakati mmoja.

Kwa mwenye cherehani ndogo isiyomudu tabaka nene, kuna njia nyingine. Chukua uzi wa sweta na sindano kubwa ya mkono, pitisha juu na chini, ufunge fundo kila baada ya sentimita 10 au 15. Mfarishi wa mafundo ni mfarishi halali, na hutunza joto sawasawa.

Hesabu ya koni moja

Sasa tuangalie mfuko. Mfarishi wa mita 2 kwa 2 wenye viraka vya sentimita 10 una viraka 400. Mishono ya kuviunganisha inafika kama mita 80. Mistari ya kushika tabaka, kila baada ya sentimita 10 kwenda na kukata, ni mita 80 nyingine. Ukingo ni mita 8. Jumla ni kama mita 170. Cherehani ya kawaida hula uzi karibu mara mbili na nusu hadi mara tatu ya urefu wa mshono. Tuseme mita 470 hivi.

Koni ya yadi 5,000 ina mita 4,572. Hata ukihesabu unaokatwa na kutupwa, koni moja inashona mifarishi minane au zaidi. Maana yake, gharama ya uzi katika mfarishi mmoja ni sehemu moja ya nane ya bei ya koni. Ukinunua koni ya bei ya chini, akiba unayopata kwa kila mfarishi ni shilingi chache sana, na umeziweka rehani siku zote ulizokaa ukikata viraka.

Lakini je, koni ile kweli ina yadi 5,000? Hili mnaweza kulipima. Uzi wa 40/2 wenye urefu huo una uzito wa gramu kama 135, bila bomba lake. Pima koni nzima kwenye mizani ya duka, kisha utoe uzito wa bomba tupu. Ukikuta gramu 90 kwenye koni iliyoandikwa 5,000, ama uzi ni mfupi ama ni mwembamba kuliko ulivyoandikwa. Vyovyote vile, hukupata ulicholipia.

Kagueni na ubora wenyewe. Nyosha mita moja kwenye mwanga: usiwe na mafundo wala manyoya mengi, na usiwe mnene hapa na mwembamba pale. Vuta kwa mikono miwili: uzi uliokaa juani dirishani hukatika kama nyasi kavu. Rangi kali kama nyekundu na maruni, lowesha kipande kwa maji ya moto, ukibane ndani ya kitambaa cheupe usiku kucha. Kitambaa kikipata rangi, mfarishi wa mteja wako nao utaipata.

Haki yenu na huduma zilizopo

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa hizo. Koni ya uzi ni bidhaa kama unga na sukari. Angalieni alama ya ubora ya KEBS, itisheni risiti, na mkiona vipimo si sahihi, fikeni kwa maafisa wa vipimo na mizani mkiwa na koni na risiti. Malalamiko yasiyo na risiti ni magumu kufuatilia.

Katiba hiyohiyo, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya sayansi kimu. Mwenye kijana nyumbani aliyemaliza shule na anapenda kazi ya mikono, amlete aulize kuhusu kozi ya ushonaji. Wasichana na wavulana, kazi hii haina jinsia. Na vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake, vijana na watu wanaoishi na ulemavu vikumbuke kwamba asilimia 30 ya zabuni za umma imetengewa makundi hayo. Anayetaka kuomba zabuni ya mashuka au sare ataulizwa kuhusu ubora. Afadhali awe na jibu, na ajue kutaja namba ya uzi wake.

Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Agosti 2024. Wageni wanakuja, nyumba za kupangisha na hoteli zinaongezeka, na vitanda vyote hivyo vinahitaji kufunikwa. Ningependa siku moja mgeni aulize mfarishi ule umeshonwa wapi, aambiwe Langas, na auagize mwingine.

Ninaomba kila kikundi kifanye jambo moja kabla ya kukata kiraka cha kwanza. Shoneni kipande cha majaribio chenye upana wa sentimita 30, tabaka zote tatu, kwa uzi na sindano mnazokusudia kutumia. Kifueni mara tatu, mkivute kwa nguvu, mkipige pasi. Nyuma yake andikeni kwa kalamu namba ya uzi, namba ya sindano na urefu wa hatua. Kitundikeni ukutani. Mwanachama mpya akija, hatahitaji kuuliza.

Sasa ni zamu yenu. Waliokuja na koni zao wazitoe, na mizani iko hapa mezani. Tuzipime pamoja.